Bosi Amerudi

Callistus Oduori alimjua ndege yule kabla hajameza tonge la pili. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko mengine yote: kwamba alijua, na bado tonge la tatu akalimeza, na la nne, mpaka bakuli likabaki jeupe.

Tusimhukumu haraka, ingawa atahukumiwa. Alikuwa ukweni, na mtu wa Bunyala akiwa ukweni hachagui chakula, haulizi kimetoka wapi, wala hakibakishi. Mama mkwe wake, Petronilla, alikuwa jikoni na mlango umerudishwa, kama heshima inavyotaka. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, mkwe na mkwewe hawakuwahi kupeana mkono wala kusemezana uso kwa uso. Petronilla akiwa na neno, humwambia mtu, na mtu huyo ndiye humwambia Callistus. Ijumaa hiyo ya Januari alikuwa ametuma neno fupi tu: mkwe aje ale.

Callistus alivimba kichwa. Aliitwa peke yake, bila mkewe Maurine, na alipofika boma lile kando ya soko la Rukala, aliwakuta wengine wote wakila omena na sukuma nje, lakini yeye akatandikiwa kitambaa mezani. Aliyemletea bakuli ni shemeji yake mdogo, Rosebella.

"Shemeji, mama amesema hii ni yako peke yako," Rosebella alisema. "Sisi hata hatujaonja. Na amesema utaelewa."

"Mwambie nimeshukuru sana."

Alielewa, ndiyo. Alielewa kwamba anaheshimiwa. Mtu akipewa maana mbili achague, hachagui ile inayomuumiza.

Mchuzi ulikuwa mzito wa njugu. Nyama ilikuwa nyeusi, ngumu kiasi, na kwa mbali ilikuwa na ladha ya matope ya mpunga. Ulimi wa Callistus uliikumbuka mara moja, maana ulilelewa nayo. Zamani, kabla hajapewa darubini, yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kutega ndege wa matope kwa uzi wa nailoni, na nusu ya Rukala ilishakula ndege kutoka mikononi mwake. Sasa alikuwa kiongozi wa wahesabu ndege wa Budalang'i, mtu wa kusimama kwenye baraza la chifu na kuwaambia wengine waache. Akajiambia: nikiacha chakula cha mama mkwe nitamwaibisha. Akajiambia pia: nitauliza nyumbani, kwa Maurine, polepole. Na jambo la tatu hakujiambia, lakini mimi nitalisema: ilikuwa tamu, naye alilamba vidole.

Chini ya bakuli, ugali ulipoisha, kulikuwa na mguu. Mguu mrefu, mwembamba, haukukatwa kama mpishi yeyote angeukata, ila uliwekwa mzima kando ya bakuli, mchuzi ukaufunika. Juu ya kifundo kulikuwa na pete ya chuma. Callistus aliipangusa kwa kidole gumba, akasoma namba, akaisoma tena.

Mwaka mmoja uliopita, Januari kama hiyo, yeye mwenyewe ndiye aliyemshika ndege yule kwa mikono miwili huku dada Vivianne, mtaalamu wa ndege kutoka Nairobi, akimvalisha pete hiyo. Siku hiyo walivalisha chokowe tisa, wale ndege wa matope wenye miguu mirefu, kila mmoja pete ya chuma mguu wa kulia na pete ya njano yenye herufi mbili mguu wa kushoto. Mmoja alipoachiliwa hakuruka kama wenzake. Alitembea juu ya tuta la mpunga, kifua mbele, akikagua mfereji hatua kwa hatua, na watoto wa shule wakapiga kelele, "Bosi! Huyo ni bosi!" Mama mmoja akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, watu wakacheka, na jina likabaki. Aprili, Bosi akaenda zake kaskazini, kwenye nchi za barafu, kutaga na kulea. Na Rukala nzima ikawa inauliza kama atarudi.

Akarudi. Jumanne ya wiki hiyo Callistus alimwona kwa macho yake, pete ya njano iking'aa, herufi B na K. Angeweza kunyamaza mpaka siku ya kuhesabu. Lakini nani angemsifu kwa kunyamaza? Alitoa simu, akapiga picha, akaitupa kwenye kundi la wahesabu: "BOSI AMERUDI! Mfereji wa tatu, shamba la Mugeni, kila asubuhi saa kumi na mbili." Dada Vivianne alijibu kwa makofi sita. Wengine wakaleta maua. Na ndani ya kundi hilo alikuwemo Levis, kaka yake Maurine, mtegaji wa ndege tangu utoto, ambaye Callistus mwenyewe alimwingiza ili abadilike.

Mdomo huponza kichwa, lakini huu ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine, na mwili wake ulikuwa sasa ndani ya tumbo la mwenye mdomo.

Aliivua ile pete, akaifunga kwenye leso ya karatasi, akaitia mfukoni. Mguu akauvunja vipande viwili, akauficha chini ya mifupa mingine. Kisha akanawa, akasema ameshiba, akaaga kupitia kwa Rosebella. Kama angetazama vizuri, angeona kwamba mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidole kimoja, na mtu amesimama pale akingoja.

*

Kule pwani, dada Vivianne alizoea kuwaambia, wahesabu hungoja maji ya bahari yapwe, matope yajitokeze, ndege washuke. Rukala hakuna bahari. Hapa hungojwa Omuse, mzee wa zamu ya maji, afungue mlango wa mfereji na kuyaachia mashamba yaliyovunwa yakauke kidogo. Omuse akichelewa kunywa chai, ndege nao wanachelewa.

Jumamosi hiyo hakuchelewa. Saa kumi na mbili na nusu matope yalikuwa yanameta, na juu yake kumejaa: kwarara, yangeyange, bata wa kila rangi, na chokowe kwa mamia, wakidona huku wanatembea. Wahesabu kumi na wawili walijipanga kwenye tuta na gambuti zao. Katikati alisimama Mwalimu Methuselah, mkono wa kushoto begani kwa Callistus, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga tu, na vivuli.

Huyu Methuselah ndiye aliyeanzisha hesabu hiyo, miaka thelathini na kitu iliyopita, akiwa mwalimu wa darasa la tano mwenye darubini moja. Ndiye aliyemkuta Callistus kijana ndani ya mpunga na ndege kumi na wanne kwenye kamba, na badala ya kumpeleka kwa chifu akamvulia darubini shingoni, akamwambia, "Hesabu walio hai, halafu uniambie kama bado una njaa." Kwapani alibeba daftari lenye jalada jeusi. Kila Januari ilikuwa mle, na palikuwa na sheria moja tu ya kuandika: aliyeona husema kwa sauti, mwandishi hurudia kwa sauti, ndipo wino unashuka. Kisichosemwa na kurudiwa hakiingii. Mzee alijivunia kwamba ndani ya daftari hilo hamna uongo hata wa bata mmoja. Na wote walijua kwamba leo, baada ya chakula, atalikabidhi kwa Callistus.

"Wewe ndiye macho yangu, Callistus," mzee alisema. "Bosi yuko?"

"Bado, mwalimu. Ngoja niangalie."

Wakahesabu. Kila robo saa mzee akauliza tena. Callistus alikuwa na nafasi. Nataka hilo lijulikane, alikuwa nayo tele. Angeweza kusema, mwalimu, njoo kando kidogo. Pete ilikuwa mfukoni, inamchoma paja kila anapoinama. Lakini kusema habari ya pete ni kusema habari ya bakuli, na bakuli lilikuwa la mama mkwe, na nyuma yake kuna Levis, na nyuma ya Levis kuna ule ujumbe wenye maua na makofi. Akajishawishi kwamba anamlinda mama mzaa mke wake. Mtu mwoga hakosi mtu wa kudai kwamba anamlinda.

"Sio lazima tumwone leo," dada Vivianne alisema, jicho kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu. "Anaweza kuwa amehamia upande wa ziwa."

"Lakini alikuwa hapa Jumanne," mzee akasema, na sauti yake ikashuka. "Basi. Mwaka ujao mimi hata vivuli sitaviona."

Ndipo Callistus akasema, "Wacha nizunguke ule upande wa mfereji wa tatu."

Alitembea peke yake mpaka kwenye shamba la Mugeni. Pale kwenye tuta kulikuwa na vijiti viwili na uzi wa nailoni uliokatika. Aling'oa vijiti akavitupa majini. Akasimama muda ambao mtu angesimama kumtazama ndege, akageuka, akarudi.

"Yuko," alisema.

Mzee alishika mkono wake kwa mikono miwili. "Yuko? Umemwona?"

"Nimemwona, mwalimu. Pete ya njano, mguu wa kushoto."

"Pete ya njano, mguu wa kushoto," Methuselah alirudia, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. Alifungua daftari, mtu akamwelekeza mstari, na kwa mwandiko wake mkubwa wa kupapasa akaandika mwenyewe. "Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa..." Callistus alitazama gambuti zake. "Alikuwa anakula."

"Anakula! Asante Mungu. Amefika salama na anakula."

*

Chakula kilikuwa chini ya hema la kanisa, karibu na soko. Akina mama wa kanisa ndio waliopika, na miongoni mwao alikuwa Petronilla, leso kichwani, amekaa mbali upande wa sufuria na kumgeuzia mgongo mkwe wake, kama ilivyo adabu. Callistus alipomwona, pilau ilimshinda. Levis alikuwepo pia, anatafuna chapati. Yeye hakujua kwamba kuna lolote limegunduliwa.

Dada Vivianne alisimama kusoma hesabu. Kwarara mia mbili na sita. Bata aina saba. Chokowe wa kila namna, elfu moja na kitu. Watu wakapiga makofi. "Na mwisho," akasema, akitabasamu, "mgeni wetu amerudi. Bosi ameonekana leo asubuhi, mzima, na Callistus!"

Hema lililipuka. Watoto walirukaruka. Mwalimu Methuselah alinyanyuka na daftari mkononi, tayari kwa hotuba yake.

Lakini kabla hajaanza, kulisikika kigelegele kutoka upande wa sufuria, na Petronilla akasimama. Hakumtazama mkwe wake. Alimwelekea mzee, mkono mmoja ukishikilia leso isianguke.

"Mwalimu, unisamehe, sina kawaida ya kuongea mbele ya watu," alisema. "Lakini nimefurahi, lazima niseme. Mimi tangu juzi silali. Kijana yangu Levis alileta ndege kwangu ati ni kitoweo, mahali ameonyeshwa na simu. Nikianza kunyonyoa, naona pete. Pete mbili! Mwalimu, nilikaa chini. Nikasema, huyu ni Bosi, huyu ni wa mkwe wangu. Nikakataza watoto wote wasionje. Kitu ya mtu inarudi kwa mwenyewe, si ndiyo? Na mimi siwezi kumwambia mkwe, hiyo mnajua. Nikampikia yeye peke yake, nikamwekea na mguu na pete, aone, aniulize. Nimwambie ukweli, amchukue Levis wafike kwa chifu. Nilisimama kwa mlango nikingoja aulize. Hakuuliza."

Watu walianza kutazamana. Levis aliweka chapati chini. Mama huyu hakuona lolote, alikuwa amejaa furaha yake.

"Nikafikiri amekasirika mpaka ameshindwa kuongea. Kumbe! Kumbe Bosi yuko hai, na mkwe amemwona leo na macho! Basi yule alikuwa ndege mwingine, wale wengine mlivalisha. Mkwe aliona namba akajua si Bosi, ndiyo maana alinyamaza. Yeye ni mtu mzuri, hakutaka kuniaibisha." Alifungua fundo la pembe ya leso yake. "Sasa hii ya njano nilibaki nayo, niliogopa itayeyuka kwa moto. Mwalimu, chukua. Mtuambie ni ya nani, tujue tumekosea nani."

Rosebella aliichukua mkononi mwa mama yake, akampelekea mzee. Methuselah aliigeuzageuza kwa vidole. Alijua tayari, nadhani. Mtu aliyefundisha watoto miaka arobaini anajua mtoto aliyekula chaki. Lakini alikuwa na sheria yake.

"Callistus," aliita. "Njoo unisomee. Wewe ndiye macho yangu."

Kutoka kiti chake mpaka kwa mzee zilikuwa hatua nane, na Callistus alizikumbuka zote baadaye, moja moja. Alipofika aliichukua pete. Aliishika kwa vidole vya mikono miwili.

"Rangi," mzee alisema.

"Njano."

"Njano," mzee akarudia. "Herufi ya kwanza."

"B."

"B. Ya pili."

Palikuwa na jogoo anawika huko sokoni. Palikuwa na mtoto anauliza, mama, nini? Callistus alifikiria kusema herufi nyingine. Ndiyo, hata pale, hata saa hiyo, alifikiria.

"K," alisema.

Mzee hakurudia.

Callistus alitia mkono mfukoni, akatoa leso ya karatasi, akaifungua, akaweka ile pete ya chuma kwenye kiganja cha mzee karibu na ya njano. "Na hii. Ilikuwa kwenye bakuli."

"Ulikula?"

"Nilikula, mwalimu."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaachia njiani. Dada Vivianne alikuwa amefungua simu yake, anautazama ule ujumbe wa Jumanne, maua na makofi yake mwenyewe sita, na uso ukambadilika. Wengine wakafungua zao. Callistus hakuhitaji kueleza ni simu gani iliyomwonyesha Levis mahali.

"Asubuhi nilikuuliza anafanya nini," Methuselah alisema taratibu, "ukaniambia alikuwa anakula."

Kuna aibu ya kukamatwa, ambayo mtu huizoea, na Callistus alishakamatwa ujanani. Hii ilikuwa nyingine. Alikuwa amesimama uchi mbele ya mama mkwe wake, na huko Bunyala hakuna laana inayozidi hiyo. Hakuweza kuinua macho. Alisikia tu leso ikivutwa, na alijua bila kutazama kwamba Petronilla amejifunika uso.

Kisha akasikia sauti yake. Alikuwa amegeuka, mgongo kwa hema lote, lakini kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakupitisha neno kwa mtu.

"Mkwe," alisema. "Nilikuwa tu hapo kwa mlango. Ungeuliza."

Mzee alirudi kwenye kiti chake kwa kupapasa. Hakulikabidhi daftari. Alilifungua magotini, akamwomba dada Vivianne amwekee kidole kwenye maneno ya asubuhi, akayafuta kwa kuyapiga mstari. Akaweka kalamu tayari tena.

"Aliyeona husema," alisema.

Mwanzoni Callistus hakuelewa. Halafu akaelewa, na safari hii hapakuwa na maana mbili.

"Bosi," alisema. "Pete ya njano, B na K."

"Bosi. Pete ya njano, B na K."

"Nilimwona Ijumaa. Ukweni kwangu. Kwenye bakuli."

"Ijumaa," Methuselah akarudia, kwa sauti ileile ya kuhesabu bata. "Ukweni kwake. Kwenye bakuli." Na wino ukashuka, polepole, neno baada ya neno, watu wote wakimsubiri amalize.

Alipomaliza alifunga daftari, akalitia kwapani, akanyanyuka aende nyumbani. Kwa mazoea mkono wake wa kushoto ulinyooka upande aliokuwepo Callistus, akitafuta bega. Ukasimama hewani kidogo. Kisha ukarudi.

"Rosebella yuko hapa?" mzee aliuliza. "Njoo, binti yangu, unishike mkono. Njia ina mashimo."